Tusiifiche Harambee Stars nyuma ya neno 'kujenga'

Asubuhi ya Novemba 19, 2025 niliingia darasani kufundisha minyambuliko ya vitenzi, nikakuta ubao wangu umekwisha kuandikwa. Mwanafunzi mmoja, sijui ni yupi na wala sikutaka kumjua, alikuwa ameandika kwa chaki tarakimu mbili tu: 8-0. Jana yake timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ilikuwa imenyukwa na Senegal mabao manane bila jibu katika mechi ya kirafiki iliyochezewa mjini Antalya, nchini Uturuki.

Niliufuta ubao lakini mjadala haukufutika. Kijana mmoja aliyeketi safu ya mbele alisema, "Daktari, hii ni timu inayojengwa. Tulitarajia nini mbele ya Senegal?" Binti aliyekuwa nyuma hakumpa nafasi ya kumeza mate. Alimjibu kwamba nyumba inayojengwa kwa zaidi ya miaka 50 pasipo kuezekwa si nyumba tena bali ni gofu. Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao.

Hata hivyo, wanafunzi hao wawili walikuwa wamegusa suala ambalo wapenzi wa kandanda humu nchini wamelizungumza kwa muda mrefu bila kulitatua. Je, timu inayojiunda upya ipewe matarajio ya kiasi, ili wachezaji wake wakue bila kuvunjika moyo? Au iambiwe tangu siku ya kwanza kwamba imekuja kushinda, na kwamba mengine yote ni visingizio? Mimi si mtaalamu wa kandanda. Siku zangu za kuvaa njumu ziliishia shule ya upili, tena katika benchi la akiba. Kazi yangu ni lugha, nami naona kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa wetu imo katika maneno tunayoyatumia.

Chukua kitenzi shinda, kile kile nilichokuwa nimekwenda kukifundisha asubuhi hiyo. Siku hizi watangazaji wetu wa redio na runinga wamezoea kusema kwamba timu fulani "imepoteza mechi". Msemo huu unaniudhi, na sababu si usafi wa lugha pekee. Mtu hupoteza funguo, hupoteza kitambulisho, hupoteza njia. Vitu hupotea kwa bahati mbaya, pengine bila ya mtu mwingine kuhusika. Wazee wetu hawakusema hivyo. Walisema timu imeshindwa, imefungwa. Katika kauli hiyo ya kutendwa, mtenda yupo hata asipotajwa. Yuko aliyekushinda, naye alifanya uwanjani jambo ambalo wewe hukulifanya. Aliyepoteza huomboleza na kutafuta mchawi. Aliyeshindwa hana budi kuuliza ameshindwa na nani, na kwa lipi.

Ukikinyambua kitenzi hicho zaidi unapata shindana, na kutoka hapo mshindani. Hii ni kauli ya kutendana, ambapo kila upande unatenda na kutendwa. Ndiyo maana methali yetu maarufu, asiyekubali kushindwa si mshindani, hutumiwa visivyo kila mara Stars inapochapwa. Inatolewa kama kitambaa cha kufutia machozi: tukubali tu, yaishe. Lakini methali yenyewe inamzungumzia mshindani. Haimhusu mtu aliyeingia uwanjani akiwa amekwisha kukubali kichapo akiwa bado kwenye basi. Huyo hakushindana na mtu, kwa hiyo hata kushindwa kwake hakumstahilishi sifa ya uungwana. Kukubali kushindwa ni kazi ya baada ya kipenga cha mwisho. Kabla ya hapo ni kazi nyingine kabisa.

Sasa tulitazame hilo neno kujenga. Kenya imefuzu kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mara sita: 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019. Katika fainali zote hizo tumeshinda mechi mbili tu. Ya kwanza ni dhidi ya Burkina Faso mwaka 2004 nchini Tunisia, 3-0, chini ya mkufunzi Jacob Mulee. Ya pili ni dhidi ya ndugu zetu Watanzania mwaka 2019 nchini Misri, 3-2. Hatujawahi kuvuka hatua ya makundi. Msomaji anayekumbuka enzi ya 1988 hadi 1992, tulipofuzu mara tatu mfululizo, hukumbuka fahari kubwa. Lakini katika awamu hizo tatu hatukushinda hata mechi moja.

Hizo ndizo takwimu, nazo zinampa nguvu yule kijana wa safu ya mbele. Taifa lenye rekodi kama hii halina haki ya kushangaa linapofungwa na Senegal. Lakini ukichunguza ni kwa nini msingi umekuwa ukirudiwa kila mara, utaona kwamba mara nyingi aliyebomoa si mpinzani. Mwaka 2004, miezi michache tu baada ya ushindi ule wa Tunisia, Shirikisho la Kandanda Duniani, FIFA, lilitupiga marufuku kwa sababu ya mivutano ya uongozi. Mwaka 2006 tukapigwa marufuku tena. Mnamo Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa shirikisho letu, na Februari 2022 marufuku ya tatu ikafuata, ikadumu hadi Novemba mwaka huo. Kizazi kilichokuwa kimecheza Misri 2019 kilijikuta kimeondolewa katika mechi za kufuzu kwa fainali za 2023 bila ya kupiga mpira hata mara moja. Marufuku ilipokwisha, tukakosa uwanja. Mwaka 2024 Stars ilikuwa ikiandaa mechi zake za "nyumbani" katika nchi za watu, Malawi ikiwa mojawapo, kwa kuwa hakuna uwanja wetu uliokubaliwa.

Ongezea hapo kwamba tulipokonywa maandalizi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, yakapelekwa Afrika Kusini, na yale ya mashindano ya CHAN ya 2018, yakapelekwa Morocco. Kwa hiyo mtu anaposema "tunajenga", ni haki kumuuliza swali ambalo fundi yeyote wa Gikomba angemuuliza: ramani iko wapi, saruji imenunuliwa na nani, na paa litawekwa lini? Kama hana jibu, basi hajengi. Anaomba muda tu.

Kuna mfano ambao wapenzi wa kandanda wa rika langu hawawezi kuusahau. Aprili 27, 1993 ndege iliyokuwa imebeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon. Watu wote 30 waliokuwa ndani waliangamia. Nahodha Kalusha Bwalya alinusurika kwa kuwa alikuwa asafiri peke yake kutoka Uholanzi. Kama kuna timu iliyowahi kuwa na haki ya kuomba matarajio ya kiasi, ni ile. Nani angewalaumu Wazambia kama wangesema wapewe miaka 10? Kabla ya mwaka mmoja kutimia, Aprili 1994, timu mpya ya Zambia ilikuwa mjini Tunis ikicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilitangulia kufunga, ikashindwa na Nigeria 2-1. Mwaka 2012, mjini Libreville kule kule, Zambia ilitwaa kombe lenyewe kwa kuiangusha Ivory Coast kwa mikwaju ya penalti.

Wapenda hotuba za kutia moyo huusimulia mkasa huu kama ushahidi kwamba moyo unatosha. Mimi nasema polepole. Zambia ya 1994 haikuokotwa barabarani. Ilikuwa nchi ambayo miaka sita kabla yake iliifunga Italia 4-0 katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul. Klabu zake za ukanda wa shaba, Nkana, Mufulira Wanderers, Power Dynamos, zilikuwa zimelelewa kwa miaka mingi na sekta ya migodi. Wachezaji walikufa lakini kiwanda cha kuwatengeneza wachezaji kilibaki kimesimama. Moyo wa Kalusha na wenzake ulikuta kitu cha kusimamia.

Sisi nasi tulikuwa na kiwanda chetu. Miaka ya 1981, 1982 na 1983 tulitwaa Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo. Mwaka 1987 Stars ilifika fainali ya Michezo ya Afrika pale Kasarani, ikafungwa na Misri 1-0, na mwaka huo huo Gor Mahia ikanyakua Kombe la Washindi barani kwa kuibwaga Espérance ya Tunis. Mwaka 1994 Kenya Breweries ikafika fainali ya kombe hilo hilo. Klabu kama Rivatex ya Eldoret zilikuwa na kampuni nyuma yake, na mchezaji alikuwa na mshahara na kazi ya kurudia baada ya kutundika njumu. Kampuni nyingi za aina hiyo zilipoyumba, timu zake zilikufa, na hakuna aliyekaa chini kufikiria nani angechukua jukumu lake. Kisha tukaanza kuwatafuta wachawi.

Kwa hiyo msimamo wangu si wa yule kijana wala si wa yule binti. Naona kwamba matarajio ya kiasi na moyo wa ushindi ni vitu viwili vyenye wenyewe tofauti, na balaa letu ni kwamba tumewabadilishia wenyewe. Hesabu ni kazi ya wakuu wa shirikisho, wizara na sisi waandishi. Sisi ndio tunaopaswa kujua kwamba Senegal ina wachezaji katika ligi kubwa za Ulaya na kwamba pengo hilo halizibwi kwa hotuba. Imani ni kazi ya wale 11 walio uwanjani. Lakini angalia tunavyofanya. Kiongozi anayestahili kuhesabu ndiye anayetangaza kwamba kombe linakuja nyumbani, na mchezaji anayestahili kuamini ndiye anayehojiwa kabla ya mechi akasema kwamba "tunakwenda kupata uzoefu". Nani amewahi kufuzu mtihani kwa kwenda kupata uzoefu?

Agosti 2025 tulionyeshwa, kwa muda mfupi, jinsi mambo yanavyoweza kuwa. Tuliandaa CHAN, mashindano ya wachezaji wanaosakata kandanda katika ligi za nchi zao, pamoja na Tanzania na Uganda. Timu ilikuwa chini ya Benni McCarthy wa Afrika Kusini, aliyekabidhiwa hatamu Machi mwaka huo. Tulitiwa kundi moja na Morocco, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Angola na Zambia. Mtu mwenye akili timamu angesema tukipata pointi tatu tushukuru. Tukaishinda Kongo 1-0. Tukatoka sare ya 1-1 na Angola tukiwa 10 uwanjani baada ya kadi nyekundu ya mapema. Kisha Agosti 10 ikaja Morocco, ambayo baadaye ndiyo iliyotwaa kombe. Ryan Ogam akafunga, nasi tukapata kadi nyekundu nyingine kabla ya mapumziko.

Nilikuwa nikiitazama mechi hiyo katika mkahawa uliojaa hata mlangoni. Kipindi chote cha pili mzee mmoja karibu nami alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Watasawazisha tu hawa." Hakuwa na ubaya. Alikuwa akijikinga. Amekuwa akijikinga hivyo tangu 1972, nami namwelewa. Lakini vijana waliokuwa uwanjani hawakuwa na kumbukumbu zake. Walikimbia, wakaanguka, wakaamka, wakaondoa mipira kwa vichwa na kwa magoti hadi kipenga cha mwisho kikalia, 1-0. Siku saba baadaye wakaifunga Zambia vivyo hivyo, wakaongoza kundi kwa pointi 10.

Wakati huo tayari makelele ya nje yalikuwa yameanza kupanda. Rais William Ruto alikuwa ameahidi kila mchezaji shilingi milioni 1 kwa kila mechi watakayoshinda, na kadiri timu ilivyosonga ndivyo ahadi zilivyonona, hadi nyumba zikatajwa. Siwaonei wachezaji wivu. Wengi wao hupokea mishahara ambayo karani wa kawaida angeikataa. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na nchi nzima ilikuwa imeanza kuijadili fainali kabla ya robo fainali kuchezwa. Agosti 22 Madagascar ikalazimisha sare ya 1-1, ikatuondoa kwa penalti 4-3. Wiki mbili baadaye, katika mechi ya kufuzu kwa Kombe la Dunia pale pale Kasarani, Stars, safari hii ikiwa na wachezaji wanaolipwa ng'ambo, ikafungwa na Gambia 3-1. Watu wale wale waliokuwa wakiimba mwezi Agosti wakataka kocha afukuzwe. Hayo ndiyo malipo ya kupanda ngazi kwa kuruka.

Sasa tunaikabili 2027. Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka huo limepangiwa Kenya, Uganda na Tanzania, nasi tutaingia tukiwa wenyeji. Hii ni hatari kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mwenyeji anaweza kujidanganya hadi siku ya ufunguzi. Nadhani lengo linalostahili kuwekwa waziwazi ni kuvuka makundi. Wengine wataliona dogo. Kwa taifa ambalo halijawahi kulifanya katika majaribio sita, si dogo. Kocha anaweza kuhukumiwa kwalo, mchezaji anaweza kulilalia na kuamka nalo, na waziri anaweza kuulizwa amelifanyia nini.

Turudi Misri 2019 uone linavyofanyika na linavyoharibika. Tulifungwa na Algeria 2-0, tukaishinda Tanzania 3-2, tukabakiwa na Senegal. Sare ingetupa pointi nne. Mlinda lango wetu aliipangua penalti ya Sadio Mané katika kipindi cha kwanza, na zaidi ya saa moja ilipita bila bao. Kisha ngome ikapasuka, tukafungwa matatu, tukamaliza wa tatu kwa pointi tatu na tofauti ya mabao manne ya hasara. Afrika Kusini na Kongo zilivuka zikiwa na pointi tatu zile zile, kwa sababu tofauti yao ya mabao ilikuwa afadhali. Kwa hiyo anayesema kwamba ukishafungwa bao moja na mkubwa basi la pili na la tatu hayana maana, hajui hesabu. Na anayesema kwamba moyo wa ushindi ni kushambulia tu hata ukiachwa wazi, yeye pia hajui hesabu. Dakika 25 za mwisho za mechi ile zilihitaji watu waliofundishwa kuteseka bila kukata tamaa, na hilo halifundishwi kambini kwa wiki mbili. Linafundishwa katika timu za vijana, katika ligi inayochezwa kwa ratiba inayoaminika, na katika mechi ngumu za ugenini.

Ndiyo maana mimi, tofauti na wengi, siichukii mechi ya Antalya. Ilikuwa aibu, na wachezaji wanapaswa kuiona kuwa aibu. Lakini nchi inayojiandaa kwa haki lazima ikubali kupimwa na walio bora, na ijue kilo zake kabla ya siku ya kupigana. Nitakachokichukia ni tukisikia kwamba baada ya mabao hayo manane tumeanza kutafuta wapinzani hafifu wa kutupamba.

Kipindi kilichofuata niliandika ubaoni maneno matatu: shinda, shindwa, shindana. Nikawataka wanafunzi watunge sentensi, mradi zisihusu siasa. Yule binti wa gofu aliandika kuhusu Junior Starlets, wasichana wetu wa chini ya miaka 17, ambao Oktoba 2024 kule Jamhuri ya Dominika walikuwa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya kucheza katika Kombe la Dunia la aina yoyote. Sentensi yake ilisema: "Walishindwa na Uingereza 2-0, wakashindwa na Korea Kaskazini 3-0, wakashindana hivyo hivyo na Mexico, wakaishinda 2-1."

Nilimpa alama zote. Yule kijana wa safu ya mbele alitaka kujua kama sentensi moja inaruhusiwa kubeba vitenzi vinne.